Kinyume cha Asili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna neno limenikaa moyoni na halitoki, nalo lilitoka kinywani mwangu mwenyewe. Mama yetu anaumwa, na mdogo wangu alikuwa hajaja kumwona. Alipopiga simu kuuliza hali nilimjibu kwa ukali: "Mtoto kumtupa mama yake ni kinyume cha asili. Hata mnyama hafanyi hivyo." Nikakata simu, nikijiona nimeitetea kweli ya Mungu.

Usiku nikafungua Warumi nimtafutie andiko la kumtumia. Mungu anisamehe, hiyo ndiyo nia niliyofungua nayo Biblia.

Sura ya 1 tunaijua sote. Mstari wa 26 unataja "matumizi yasiyo ya asili", na wengi wetu tukifika hapo tunafunga kitabu, maana tumeshapata wa kuwanyoshea kidole. Mimi nikaendelea kushuka mpaka wa 31: "wasiopenda jamaa zao". Kwa Kiyunani Paulo ameandika neno moja tu hapo, astorgos, yaani mtu aliyepungukiwa na ule upendo ambao mama na mwana, ndugu na ndugu, huwa nao bila kufundishwa na mtu. Nikasema, nimelipata, hili ni lake huyu.

Ndipo swali likanijia: wewe na mdogo wako mara ya mwisho mlizungumza kwa amani lini? Wapendwa, ni miaka 3. Tangu tulipogombania vitu alivyoacha baba. Hata mama alipolazwa sikumpigia, alisikia kwa watu baki. Niliyekuwa namtafutia andiko nilikuwa mimi.

Sikulala. Nikaanza kulifuatilia neno lenyewe, "asili". Kwa Kiyunani Paulo anasema phusis, na Biblia yetu ya Kiswahili inalitafsiri kwa maneno matatu. Kwenye 1 Wakorintho 11:14 ni "maumbile". Kwenye Waefeso 2:3 ni "tabia": "tukawa kwa tabia yetu watoto wa hasira". Na kwenye Warumi 1:26 ni "asili", neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni mzizi, shina, chimbuko. Hebu lishike hilo la mzizi.

Kwa sababu Paulo hakuishia sura ya 1. Sura ya 11, mstari wa 24, anatugeukia sisi watu wa Mataifa, tusio Wayahudi: "Kwa maana ikiwa wewe ulikatwa ukatolewa katika mzeituni, ulio mzeituni mwitu kwa asili yake, kisha ukapandikizwa, kinyume cha asili, katika mzeituni ulio mwema..." Kinyume cha asili! Kwa Kiyunani ni para phusin, maneno yale yale ya 1:26. Kule yanasimulia mwanadamu alivyomwacha Muumba wake. Huku yanasimulia Mungu alivyotuokoa.

Mkulima huchukua tawi la mti mwema akalipandikiza kwenye shina la mwitu, ili apate tunda zuri. Nani ahangaike kupachika tawi la mwitu kwenye mti mwema? Litazaa nini? Mungu ndivyo alivyofanya. Alikuchukua wewe, mchungu, usiye na tunda, akakuunganisha na mzizi usio wako, ukanywa unono wake. Kama angefuata asili yetu, Waefeso ingeishia kwenye ile hasira. Ndugu yangu, dada yangu, kila asubuhi unapoamka ukiwa mtoto wa Mungu, umeamka kinyume cha asili. Ulivyo leo ni rehema tupu.

Na onyo lipo pale pale, mstari wa 18: "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Niwaambie kwa upendo, nikianza na nafsi yangu: tumeligeuza neno hili, "kinyume cha asili", kuwa fimbo. Tunalitupa kwa jirani, kwa kijana aliyepotea, kwa ndugu aliyetukosea, kisha tunaingia ibadani na kuinua mikono, na ndani ya nyumba zetu watu hawasalimiani. Dada hamjui mtoto wa kaka yake. Mzee anaomba asife kabla hajawaona wanawe wamekaa pamoja. Hivi tulidhani mstari wa 31 uliandikiwa wapagani peke yao? Tawi la mwitu linalitukana tawi jingine, wakati lenyewe limeshikiliwa na neema.

Ukifika 12:10 utasoma: "Kwa pendo la udugu, mpendane ninyi kwa ninyi." Neno la Paulo hapo ni philostorgos. Limebeba ndani yake upendo ule ule wa jamaa uliokosekana sura ya 1, safari hii Paulo anaudai kwa watu ambao wengi wao hawakuwa ndugu wa damu. Nikajiuliza, kama ninadaiwa kwa wageni, kwa huyu niliyenyonya naye ziwa moja je?

Alhamisi nilimpigia. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu, "Mdogo wangu, nisamehe." Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Dada, mama anakula?"

Anafika Jumamosi. Mtuombee.