Mjomba alisema tumbo lake limeoza

Mjomba wangu ni mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Ni mtu wa kubishana bei mpaka mwenzake achoke. Mwaka alipougua alianza kwa kunyamaza. Akaacha kwenda mwaloni hata siku za giza, mwezi usipoonekana, boti zinaporudi zimejaa. Akawa anaamka alfajiri mno na kukaa kitandani akitazama ukuta. Sauti zilikuja baadaye. Zilimwambia ni mwizi, amekula mali ya mjane mmoja wa Katonga aliyekuwa akimkopesha dagaa.

Deni lile lilikuwa limelipwa lote. Nilimletea daftari, nikamwonyesha mstari wa mjane na tiki pembeni. Akausoma polepole, kidole juu ya karatasi, kisha akasema, "Hiyo tiki mmeiweka nyinyi." Jioni mama alimpelekea ugali na migebuka, akaisukuma sahani. "Dada, usipoteze chakula. Tumbo limeshaoza, kikiingia hakina pa kwenda."

Shehe aliyekuja kumsomea ndiye aliyetuambia tumpeleke hospitali, na mpaka leo namwombea heri kwa hilo. Huko walimpima malaria, sukari na virusi vya UKIMWI kwanza, maana maradhi ya mwili nayo huvuruga akili. Halafu muuguzi akamuuliza mama swali ambalo naona ndiyo ufunguo wa habari yote: kilitangulia nini, huzuni au sauti?

Ilitangulia huzuni. Ugonjwa wake ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, tena kali iliyofika hadi kwenye saikosisi, yaani mgonjwa anasikia visivyokuwepo na kuamini yasiyo kweli. Mara nyingi imani hizo hufuata rangi ya huzuni yenyewe: nina dhambi, nimefilisika, nastahili adhabu, mwili wangu umekufa. Daktari Mfaransa Jules Cotard alieleza wagonjwa wa namna hii tangu 1880. Niliposoma habari zao nilimwona mjomba yule yule.

Hapo ndipo tiba inapotofautiana na ya sonona ya kawaida. Kwa kawaida hutolewa dawa mbili pamoja, ya sonona na ya saikosisi. Utafiti wa 2009 uliohusisha wagonjwa 259 ulilinganisha olanzapini, dawa ya saikosisi, pamoja na setralini, ya sonona, dhidi ya olanzapini peke yake. Waliopona kwa dawa mbili walikuwa karibu asilimia 42, kwa moja asilimia 24. Ipo pia tiba ya umeme, unaopitishwa kichwani mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Watu wanaiogopa sana, lakini ni miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi kwa ugonjwa huu, hasa mgonjwa akigoma kula.

Dawa hazifanyi kazi kesho yake. Zile wiki za kusubiri ndizo za hatari, kwa sababu wagonjwa hawa hujiua zaidi ya wenye sonona ya kawaida. Daktari alimuuliza mjomba waziwazi kama anafikiria kufa, naye akajibu ndiyo, bila kificho. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Tulitoa kamba na dawa zote chumbani, tukalala naye kwa zamu. Kuhusu tumbo, muuguzi alitukataza kubishana na pia kukubali. Mama akajifunza kusema, "Kaka, najua unaogopa. Niko hapa," na kumwachia uji karibu.

Sauti zilipokoma, ndugu wakataka aache vidonge. Nawaelewa: alikuwa amenenepa, analala mno. Ila utafiti mwingine, wa 2019, ulionyesha kwamba walioachishwa olanzapini baada ya kupona, zaidi ya nusu waliugua tena ndani ya miezi tisa. Walioendelea nayo ni kama mmoja kati ya watano. Kwa hiyo anayepunguza dozi ni daktari, taratibu, si baraza la ukoo.

Mjomba amerudi mwaloni. Mwisho wa mwezi ana kliniki, na anataka kuuliza juu ya huu uzito. Nitakwenda naye.