Sentensi Moja ya Mark Antony

Kila mwaka, katika darasa langu la fasihi ya Kiingereza, hukutana na daftari la aina ile ile: ukurasa umegawanywa kwa mstari wa rula, kushoto yameandikwa majina ya tamathali za semi na kulia maana zake, kama zilivyonakiliwa ubaoni. Mwenye daftari hukariri bila kukosea kwamba kinaya ni kusema jambo huku ukikusudia kinyume chake. Hata hivyo, ukimpa hotuba ya Mark Antony mbele ya maiti ya rafiki yake Caesar, mtawala wa Roma, katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, atakujibu kwa uhakika kwamba Antony anamsifu Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar. Jibu hilo limenifikirisha sana, kwa kuwa si la kijinga: maneno yenyewe ni ya sifa kweli.

Brutus amekwisha kuuhutubia umati wa Roma na kuuridhisha kwamba Caesar aliuawa kwa sababu ya uchu wa madaraka, naye amemruhusu Antony aseme machache kwa sharti kwamba asiwalaumu waliomuua. Antony hana nafasi ya kushambulia waziwazi, kwa hiyo anatamka kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima, na wasikilizaji wanalipokea neno hilo kama lilivyo. Kisha anawakumbusha kwamba Caesar alileta mateka Roma na fidia zao zikajaza hazina ya umma. Anauliza kama huo ndio uchu, swali la balagha lisilongoja jibu. Anaeleza kwamba maskini walipolia, Caesar alilia pia. Halafu anairudia sentensi yake, kwamba Brutus asema Caesar alikuwa na uchu, na Brutus ni mtu mwenye heshima. Inafuata habari ya taji alilokataa mara tatu, na sentensi inarudi tena. Maneno ni yale yale, ila kila yanaporudi yanakuta ushahidi mpya umelundikana, hadi mtu mmoja katika umati anapaza sauti kwamba hao walikuwa wasaliti, eti watu wenye heshima! Hapo takriri, yaani kule kurudiarudia, imezaa kinaya, na anayeziandika tamathali hizo katika mistari miwili ya daftari hataona kwamba moja ndiyo mama wa nyingine.

Kiko pia kinaya cha jukwaani, ambapo mtazamaji anajua asilolijua mhusika. Asubuhi ya kifo chake, Caesar anawakaribisha wala njama waingie wanywe mvinyo pamoja naye kama marafiki. Hakuna anayesema kinyume cha anachokusudia. Anayeumia ni sisi tunaojua.

Majina yenyewe ya tamathali yanafaa kuchunguzwa. Neno la Kiingereza la sitiari, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine kinachofanana nacho, lilitoka katika Kigiriki, na asili yake ni kuhamisha, kubeba kitu kutoka hapa hadi pale. Sitiari yetu ilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuazima. Antony anapoanza hotuba yake anawaomba Warumi wamwazime masikio, na mimi hupenda kusimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu kuazimana masikio ni sitiari, na sikio kusimama mahali pa usikivu ni taashira. Anayesema kila siku “nitegee sikio” tayari anayo nusu ya somo.

Takriri ya sauti za mwanzo wa maneno ndiyo inayowapita wanafunzi wetu kwa urahisi zaidi, na nadhani sababu imo katika sarufi yetu. Tukisema “viti vile viwili vimevunjika”, upatanisho wa ngeli umekwisha kutupatia mlio huo bure, wala hatukuutafuta. Mwandishi wa Kiingereza hapewi zawadi hiyo na sarufi. Maneno matatu yanayofuatana yakianza kwa sauti moja, mara nyingi ameyachagua, na inafaa kuuliza kwa nini. Kwa upande mwingine, litotesi, ile namna ya kuthibitisha jambo kwa kukanusha kinyume chake, huwatisha kwa jina tu. Mtu aliyeulizwa hali akajibu “si haba” ameitumia bila kufundishwa.

Mwaka huu niliacha kuanza na majina. Kijana mmoja alisimama mbele na kuisoma hotuba ya Antony kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ambayo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1963. Wenzake waliokaa madawatini walikuwa umati wa Roma, nami niliwaambia wanyooshe mkono wakati watakapoacha kuiamini sifa ya Brutus. Mara ya kwanza hakuna aliyenyoosha. Baada ya fidia za mateka ilinyooka mikono michache, ya wasichana wa mstari wa nyuma. Baada ya taji darasa zima lilikuwa limenyoosha, na msomaji mwenyewe alikuwa amebadilisha sauti bila kuambiwa. Ndipo nilipochukua chaki na kuandika ubaoni: kinaya.