Njano Yuko Nyuma, Anachukua Maji

Kwenye karatasi ya matokeo ya mbio za baiskeli za siku ile jina langu liko chini kabisa, jirani na wale waliojitoa njiani. Ndugu zangu wakiiona wananionea huruma. Siwalaumu. Karatasi haioneshi nani alikata upepo na nani alijificha nyuma ya nani.

Ilikuwa Agosti, miaka ile serikali ilipokuwa ndiyo kwanza inahamia Dodoma. Mashindano yalikuwa ya hatua nne. Ya kwanza ilikuwa kila mtu peke yake na saa yake, pale Singida mjini. Ya pili Singida hadi Misigiri na kurudi, ya tatu Singida hadi Manyoni, na ya mwisho Manyoni hadi Dodoma, kama kilomita 125. Muda wako wa kila siku unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa, hata kama hakushinda hatua yoyote. Ndiyo maana watu waliozoea mpira wanachoka kutufuatilia: wanaona mtu anavuka mstari wa kwanza, mikono juu, halafu zawadi kubwa anapewa mwingine aliyeingia wa saba.

Tulianza watano. Mmoja wetu alianguka hatua ya pili akavunjika mtulinga, tukabaki wanne: kapteni, kijana wa Shinyanga aliyejifunza kukanyaga kwa kubeba abiria kwenye baiskeli ya Phoenix, mwenzetu wa Kondoa ambaye hakuwahi kusema maneno kumi kwa siku, na mimi, mtoto wa Kigwe. Gari la timu lilikuwa kirikuu. Mbele alikaa kocha na dereva, nyuma alikaa fundi akiwa amekumbatia magurudumu ya akiba na ndoo ya maji. Timu nyingine zilikuwa na magari ya maana, lakini yetu ilikuwa na fundi aliyeweza kubadilisha gurudumu kabla hujamaliza kulalamika.

Kapteni alikuwa wa pili, sekunde 38 nyuma ya jamaa mmoja wa timu ya kaskazini. Sekunde zote hizo zilipotea ile siku ya kwanza ya kila mtu na saa yake. Barabarani hawakuachana hata nukta. Waandaaji walifuata desturi ya Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa, ambako kiongozi amevaa jezi ya njano tangu mwaka 1919, kwa hiyo jamaa yule sisi tulimwita Njano tu. Shida ni kwamba kapteni wetu ni Simba wa kufa. Tulimuuliza siku zote akishinda atafanyaje. Akasema ataivaa akiwa amefumba macho.

Usiku wa kuamkia hatua ya mwisho, kwenye gesti ya Manyoni, kocha alituita baada ya wali maharage. Akanigeukia mimi.

"Wewe wa huku. Upepo wa Bahi mwezi huu unatoka wapi?"

"Mbele, kocha, ila unakuja kwa kulia. Asubuhi umelala. Kwenye saa nne hivi unaamka."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anajua, alitaka wenzangu wasikie kwa mtu wa hapo. "Basi sikilizeni. Mkishuka mlima Sukamahela nataka wote wanne muwe kumi wa mbele. Wa kumi na mbili simtaki, wa ishirini asirudi kwangu."

Upepo wa mbele mtupu hauna ujanja: mnapanga mstari, mnapokezana, aliye nyuma anaokoa robo au hata theluthi ya nguvu zake. Upepo wa ubavu ndio wenye maneno. Hapo humfichi mwenzako nyuma yako moja kwa moja, anakaa nyuma na pembeni kidogo. Ukija kwa kulia, anayevuta anashika upande wa kulia na wengine wanajipanga kwa mshazari kuelekea kushoto. Wakifika wanane au tisa lami imekwisha. Anayefuata hana pa kukaa. Anabanwa ukingoni, gurudumu linagusa changarawe, na upepo wote ni wa kwake. Wa nyuma yake hali ni hiyohiyo. Hapo msafara unakatika, na ukishakatika kuuunga tena ni kazi ya kufa mtu.

Asubuhi tukaondoka Manyoni kwa baridi, kila mmoja ana kashata na tende mfukoni. Nisimulie haraka hapa, maana hakukuwa na kitu: vijana wawili walitoroka wakarudishwa, watu wakapiga soga. Mlima tuliushuka vizuri. Barabara ile ndiyo ya malori ya Rwanda na Burundi, na askari wa pikipiki walikuwa wameyasimamisha pembeni, madereva wamekaa kivulini wanatutazama. Kijana wa Shinyanga alishuka mbele yangu bila kugusa breki hata mara moja. Hilo nililiongea naye baadaye.

Bondeni, mpunga ulikuwa umeshavunwa, ng'ombe wako kwenye mabua, chamchela zinazunguka mashambani na kubeba vumbi jekundu. Upepo ulikuwa umeamka. Ila hakuna aliyetaka kuanza, kila timu inaitegea nyingine. Kapteni akanionesha chupa yake tupu. Ndiyo kazi yangu hiyo: unajiachia nyuma ya msafara mpaka kwenye magari, unajaza chupa kwenye mifuko ya mgongoni na ndani ya jezi kifuani, unarudi mbele ukiwa mzito na baridi inakukata tumboni, unagawa, unaanza upya.

Karibu na Kintinku kuna rasta barabarani, vile vituta vidogo vya mfululizo. Tulizipita kwa kasi, baiskeli zikatetemeka, chupa zikaanza kuruka kutoka kwenye vishikio vyake na kubingirika kati ya magurudumu. Watu wakatukanana, hakuna aliyeanguka. Mimi nilikuwa nyuma wakati huo, nimeegemea dirisha la kirikuu, fundi ananipa chupa moja moja. Nikainua macho. Gari la pili kutoka kwetu, nani yuko dirishani? Njano. Mwenyewe. Hakutuma mtu. Chupa zake zote mbili zilikuwa zimebaki kwenye rasta, na wasaidizi wake walikuwa mbele wanapiga soga.

Sikumwambia fundi neno. Nilikanyaga. Kupita msafara mzima kutoka nyuma hadi mbele na chupa sita mwilini ni safari ndefu, hasa ukiwa hutaki watu wajue una haraka. Nikamfikia kapteni, nikampa maji, nikamwambia polepole:

"Njano yuko nyuma, kwenye magari."

"Kapata pancha?"

"Hapana. Anachukua maji."

Akanywa. Akafikiri kidogo, au labda alikuwa anameza. Kwenye mchezo huu kuna adabu isiyoandikwa: kiongozi akianguka au akipata pancha, humshambulii. Namjua kapteni, ningesema pancha angengoja. Lakini maji kila mtu anayachukua, na kila timu ina watu wa kuyafuata. Mwenye njano anayekwenda mwenyewe magarini kwenye bonde la Bahi, saa nne na nusu ya Agosti, amechagua. Huo ndio msimamo wangu mpaka leo, na nimeshaubishania kwenye vijiwe vingi.

"Twende," akasema.

Mwenzetu wa Kondoa alihamia kulia, ukingoni mwa mstari wa kati, akaongeza gia. Hatukupiga kelele, hatukuruka. Kijana wa Shinyanga akaingia kushoto kwake, kapteni, mimi. Wanne wengine kutoka timu mbalimbali, wajanja waliokuwa wanasubiri mtu aanze, wakadandia. Barabara ikajaa. Nyuma yetu nikasikia mlio nisiousahau, wa gia nyingi zikibadilishwa kwa mpigo mmoja, halafu mtu anapiga yowe, "Fungeni! Fungeni!" Walikuwa wamechelewa. Nilipogeuka baada ya zamu yangu, kati yetu na wao kulikuwa na lami tupu.

Kilichofuata sina cha kukipamba. Unavuta, unahama, unateremka kushoto, unapumua, unapanda tena, unavuta. Vumbi kwenye meno. Mtu wa pikipiki alituandikia pengo kwenye kibao: 20, 35, dakika moja. Bahi tulipita kwa kasi kiasi kwamba sikuona hata soko. Lakini Bahi iko bondeni na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo safari yote iliyobaki ni kupanda taratibu, mpando usioonekana kwa macho ila miguu inaujua. Nilivuta zamu mbili za mwisho zilizokuwa si zangu. Kapteni alinigusa mgongoni, akasema, "Asante dogo, tosha," na wakaondoka.

Nikatazama saa. Kundi la Njano lilinipita dakika moja na sekunde hamsini baadaye, yeye na wasaidizi wake wawili na wengine. Pengo la kweli lilikuwa dogo kuliko hilo, maana nami nilikuwa nasogea. Na mbele yao kulikuwa na mpando wote. Njano alinitazama alipokuwa ananipita. Hakusema kitu, hakuwa na pumzi ya kusema.

Baada ya hapo magari yakapita, kirikuu nayo ikapita, kocha akinionesha kidole gumba bila kupunguza mwendo. Nikabaki na upepo. Kila aliyewahi kuachwa anajua, ila wachache wameachwa halafu wakapita kijijini kwao. Kigwe walikuwa wamejipanga barabarani toka asubuhi kunisubiri mimi. Watoto wakaimba, "Umeachwa! Umeachwa!" Shangazi yangu alikuja hadi ukingo wa lami, khanga mkononi.

"Baba, mbona peke yako? Wenzako wamepita zamani!"

"Nilikuwa nawavutia, shangazi!"

"Unawavutia ukiwa nyuma?"

Mbele ya kijiji nikamkuta mzee mmoja kwenye Phoenix, magunia mawili ya mkaa nyuma yake, anakwenda mjini. Akanisalimia Kigogo, "Mbukwa," nikaitikia. Akaniangalia juu hadi chini, akauliza, "Kijana, wewe umebeba mzigo gani?" Sikuwa na jibu. Ila magunia yale yalikuwa mapana, na nyuma yake hakukuwa na upepo hata chembe. Nikakaa hapo. Sijawahi kupumzika vile. Tulikwenda hivyo kwa muda, mimi na baiskeli ya kaboni nyuma ya mkaa, mpaka pikipiki ya mwamuzi ilipotokea nyuma.

"Namba arobaini na moja! Toka nyuma ya mkaa!"

Sheria inakataza kujikinga kwa asiye mshindani. Nikatoka. Nikamuuliza mwamuzi kama Njano amewakamata wa mbele, akasema yeye si redio, akaondoka.

Nala, Kizota, bodaboda wananipigia honi, mmoja ananiambia nyekundu kashinda. Timu yetu ilivaa nyekundu. Timu nyingine mbili pia zilivaa nyekundu. Niliingia mjini dakika 27 baada ya mshindi, ndani ya muda ulioruhusiwa, watu wakiwa wameshaanza kukunja vizuizi. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo yake. Akanipa soda, akanyamaza makusudi, mtu yule ana roho mbaya. Nikamkamata shati.

Kapteni aliingia wa tatu, akazawadiwa kupunguziwa sekunde nne kwenye muda wake. Njano aliingia sekunde 44 nyuma yake. Jumlisha, toa 38: tumeshinda kwa sekunde kumi, baada ya siku nne. Jukwaani kapteni aliivaa njano, na kweli alifumba macho. Tuna picha.

Jioni tulikwenda Chako ni Chako kula kuku. Fedha kapteni alizimwaga mezani, akagawa sawa kwa sawa, na fungu la aliyevunjika mtulinga likafungwa kwenye bahasha. Dereva wa kirikuu akadai lake na la mafuta juu, kocha akamwambia mafuta alishalipwa Singida, wakabishana mpaka kuku wakafika.

Tukiwa hapo akaingia Njano na wenzake. Akatupa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwangu hakuuachia.

"Wewe ndiye uliyekuwa dirishani kwenye kirikuu."

"Ni mimi, kaka."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia unachukua maji."

"Hukumwambia nimepata pancha?"

"Hukuwa na pancha."

Akafikiri. Akavuta kiti, akakaa katikati yetu, akawaambia wasaidizi wake watafute meza yao. "Hawa," akasema, "toka Kintinku mpaka leo usiku hakuna aliyeniuliza kama nina kiu." Halafu akachukua paja la kuku kwenye sahani ya kapteni bila kuomba, na kuuliza pilipili iko wapi.