Kumbukumbu ya mradi: rangi za maji chini ya mvua ya Bergen

Hatimaye nimepata kurasa za Bergen zinazostahili kuingia katika kitabu, na zote zimekamilishwa nje, mvua ikinyesha. Sharti la mradi huu wa kuchora majengo ya kale ya miji ya bandari halijabadilika: ukurasa humalizwa mbele ya jengo lenyewe na hauguswi tena nikirudi chumbani. Sharti hilo nililiweka Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako jua hukausha tabaka la kwanza kabla sijamaliza kusuuza brashi. Hapa Norwei, ninakosoma, limekuwa jambo jingine kabisa.

Nilitoka Oslo Ijumaa kwa treni, kwa ile reli ya mwaka 1909 inayopanda hadi zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na nikaikuta Bergen katika hali yake ya kawaida. Upepo wenye unyevu hutoka baharini, hugonga milima inayouzunguka mji, hupanda na kupoa, na mji hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwa hiyo mvua niliitarajia, na nilikwenda nimejiandaa kwa karatasi nzito ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, katika bloku, yaani rundo la karatasi lililogundishwa pembeni, na rangi chache tu.

Kilichonikwamisha hakikuwa matone, kwa kuwa Bryggen, ile safu ya nyumba za mbao za wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa kale wa kibiashara wa miji ya Ujerumani, iliyojengwa upya kwa ramani yake ya zamani baada ya moto wa mwaka 1702, ina vichochoro vyembamba vyenye roshani juu, na mchoraji anaweza kujikinga humo mchana kutwa. Kilichonikwamisha ni hewa. Hewa iliyokwisha kujaa unyevu haina nafasi ya kupokea maji ya karatasi, hivyo tabaka la kwanza hubaki bichi, na tabaka la pili likiwekwa juu yake hulibandua, nyekundu ya ukuta huingia katika kijivu cha kivuli, na pembeni hutokea yale madoa yanayochanua ambayo kila mchoraji wa rangi za maji anayajua na kuyachukia. Kivuli cha chini ya roshani, ambacho ndicho roho ya vichochoro vile, hakiwezi kupatikana kwa tabaka moja, na tabaka la pili ndilo nililonyimwa.

Nilipunguza maji mpaka brashi ikawa inakwaruza. Nilichanganya maji na spiriti ya duka la dawa, ambayo hukauka upesi zaidi kuliko maji matupu, lakini katika baridi ile faida yake ilikuwa ndogo mno na rangi ilitawanyika kwa mabaka. Nilikwenda kwenye mashine ya kukaushia mikono katika choo cha mkahawa, nayo ilikausha sehemu ya katikati, ikaikunja karatasi, na kuziacha kingo zikiwa mbichi vilevile. Hasira niliyokuwa nayo kufikia saa kumi alasiri Jumamosi ilikuwa ya kweli, kwa maana nilikuwa nimesimama mbele ya mahali palipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1979, nikiwa na tope kwenye karatasi.

Hapa niseme wazi kuhusu vifaa. Brashi yenye tangi la maji katika mpini, ambayo inasifiwa sana kwa safari, haifai kabisa katika hali hii, kwa sababu huongeza maji pale unapotafuta kuyapunguza. Mwavuli wa kubana kwenye stendi nao hauna kazi mahali penye upepo wa bahari. Koti lenye kofia pana linatosha.

Wazo lililofungua njia lilitokana na penseli za rangi zinazoyeyuka majini, ambazo nilikuwa nazo kwa ajili ya maandishi tu. Nilichora ukuta mzima kwa penseli kavu nikiwa chini ya roshani, nikapaka kipande cha mshumaa mahali pa fremu nyeupe za madirisha ili nta iyafukuze maji, kisha nikautoa ubao wa kuchorea nje na kuiacha mvua iyeyushe rangi. Ubao ukilazwa, matone huacha vidoa. Ukiinamishwa, rangi huchuruzika, nami niliuelekeza ili michirizi ifuate mbao za ukuta. Manyunyu yanahitaji muda mrefu kidogo, lakini mvua kubwa hutaka ubao urudishwe ndani mara moja. Muhimu kuliko yote, kivuli hakihitaji tena tabaka la pili lililokauka, kwa sababu penseli ikipita juu ya karatasi mbichi huacha mstari mzito, mweusi, usiotawanyika. Unyevu uliokuwa ukiniharibia kazi ndio sasa unaoikoleza.

Baada ya hapo niliacha mpango wote wa Jumapili, yaani ukumbi wa mfalme Håkon wa mwaka 1261 na treni ya kupanda mlima Fløyen, nikabaki Bryggen kuzichora kuta zilizoinama. Sikutumia rula, kwa kuwa mwinamo ule una historia yake: maji ya ardhini yaliposhuka nyuma ya nyumba hizi, hewa ilizifikia mbao na mabaki ya kale yaliyozikwa chini, yakaanza kuoza, na ardhi ikatitia. Sehemu ya tiba ilikuwa kuyarudisha maji ya mvua ardhini. Nilifurahi mno kuchora kwa maji hayohayo yanayozisaidia nyumba zile kusimama.

Linalobaki ni udhaifu wa seti yangu ya penseli, ambayo nyekundu yake hufifia haraka mwangani, na nyekundu ndiyo rangi nisiyoweza kuikosa Bryggen. Kurasa zote nimezipiga skani, na nimeagiza penseli moja moja zenye alama ya juu ya kuhimili mwanga. Safari ijayo ni Stavanger, ambako nyumba za mbao za mji wa kale karibu zote ni nyeupe, kwa hiyo nitabeba mishumaa mingi zaidi.