Siku moja maishani mwangu: maabara, pipeti na tarehe ya hedhi

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, Kireka, pembezoni mwa Kampala, na si kwa hiari yangu. Jogoo wa jirani na mwadhini hawakosani. Saa kumi na mbili na nusu nimebanwa kwenye taksi, saa mbili kasoro nashuka Wandegeya, nanunua rolex, chapati iliyokunjwa na mayai mawili, na kupanda kilima nikiila. Nikiongea na mama kwa simu, boda wa pale stendi huniita "afande". Baba alikuwa mwanajeshi, nimelelewa kambini Jinja, Kiswahili ndiyo lugha yetu ya nyumbani. Kampala hii bado wapo wanaodhani kila anayekisema ana bunduki.

Mimi nina pipeti, kibomba cha kufyonza na kupima matone.

Nafanya kazi ya maabara, mwaka wa sita sasa. Ukitaja maabara watu wananyoosha kidole uwatoboe malaria. Malaria siipimi. Ninatoa RNA kwenye vipande vya nyama vya wanawake wenye endometriosisi, ugonjwa ambao nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko: kwenye ovari, kwenye utando wa tumbo, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanao. Wanawake wengi sana, damu kidogo ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia tumboni, lakini wengi wao hawaugui. Kwa nini kwa huyu ile nyama ishike na kuota, na kwa yule isafishwe iishe? Sehemu ya jibu inatafutwa kwenye jeni: si zipi mtu anazo tu, bali zipi zinasomwa. Seli ya jicho na seli ya mfuko wa uzazi zimebeba kitabu kilekile, ila kila moja imefungua kurasa zake. RNA ni nakala ya ukurasa uliofunguliwa. Kazi yangu ni kuhesabu nakala.

Saa mbili hadi saa nne ni kufuta meza na kubadilisha glavu. Jasho la kidole lina vimeng'enya vinavyoila RNA, kwa hiyo nagusa vitu kama mtu aliyeonywa na mganga.

Saa nne ikaja sampuli ya mgonjwa aliyepasuliwa jana: vipande viwili, kimoja cha ndani ya mfuko, kingine cha nje, kila kimoja kama punje mbili za mchele, vimezama kwenye dawa ya kuhifadhi. Safi kabisa. Nikafungua fomu. Jina la siri lipo, umri upo, ridhaa imesainiwa. Pale penye tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi iliyopita, mtu ameandika "kawaida".

Kawaida!

Nieleze kwa nini nilikaa chini. Usomaji wa jeni za mfuko wa uzazi hubadilika na siku za mwezi. Iko moja, HOXA10, inayosaidia kuandaa mfuko kupokea mimba. Kwa mwanamke asiye na ugonjwa hupanda nusu ya pili ya mzunguko. Kwa wengi wenye endometriosisi haipandi inavyopaswa, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kwa nini mimba inawapa shida. Sasa nikiikuta iko chini nami sijui siku, nitasema ni ugonjwa au ni kalenda? Kipande kisicho na tarehe ni nyama tu.

Nikampigia daktari aliyeijaza. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ikakatwa. Ya tatu akapokea, nyuma yake vyuma vinagongana.

"Bosi, nimekupa nyama nzuri. Unataka nyama au kalenda?"

"Vyote viwili, daktari."

"Andika yoyote ya katikati."

Nikashukuru kwa adabu niliyofundishwa kambini, nikaweka sampuli kwenye friji, nikavua koti. Kwenda wodini ni kazi ya sista wetu wa utafiti, na siku hiyo alikuwa na mtoto kliniki. Lifti ilikuwa imekufa. Ghorofa nne kwa miguu, na juu sista wa zamu akaniambia nisubiri, daktari wa raundi yupo. Nikasubiri. Raundi ikaisha, wakaanza kutoa dawa. Dawa zikaisha, ukaja uji. Nimesimama ukutani na fomu yangu kama mtu anayedai kodi ya nyumba. Saa saba sista akamuuliza mgonjwa kama yuko tayari kuongea nami, akakubali.

Hakuwa peke yake. Senga wake, yaani shangazi, alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda, na senga wa Kiganda ndiye mwenye mamlaka juu ya mambo yote yahusuyo mwili wa binti ya kaka yake. Nikapiga magoti kidogo, nikasalimia kwa Kiganda changu cha Jinja, nikaeleza shida yangu. Akanitazama juu hadi chini.

"Kijana, mama yako anajua kwamba unazunguka ukiuliza wanawake siku zao?"

"Anadhani napima malaria, senga."

Sista akacheka. Senga hakucheka. Akasema yeye mwenyewe aliumwa hivyo hadi akazaa, mama yake aliumwa hivyo, ni mambo ya wanawake, hayahitaji kijana mwenye karatasi. Nilitaka kumwambia kwamba ugonjwa huu huonekana zaidi ndani ya familia moja, lakini nani amenituma kubishana na senga?

Mgonjwa ndiye aliyemaliza mjadala. Alivuta mfuko wa plastiki chini ya mto, akatoa daftari la shule, lile la kurasa 96, limekunjika pembe. Miaka minane ya tarehe. Siku ya kwanza ya damu, siku alizoshindwa kusimama, siku alizokosa kazi, vyote kwa kalamu ya bluu.

"Kila daktari alikuwa ananiambia nachanganya," akasema. "Nikaanza kuandika."

Nikahesabu kwa vidole: alipasuliwa siku ya 21. Nusu ya pili, ile ninayoitafuta.

Kisha akaniuliza kipimo changu kitamwambia nini. Hapo ndipo miguu ilipochoka kweli. Nilimwambia ukweli: hakitarudi kwake. Atakayemtibu ni daktari, kwa alichokiona tumboni na kile kitakachoonekana kwenye darubini. Yeye ni mstari mmoja kwenye jedwali letu. Akatikisa kichwa, akarudisha daftari chini ya mto.

Sikumbuki nilikula nini, nadhani posho, yaani ugali. Alasiri yote nilisaga vile vipande, nikaongeza klorofomu, nikazungusha hadi tabaka tatu zikajitenga: juu maji maangavu yenye RNA, katikati weupe, chini waridi. Unafyonza la juu bila kugusa weupe, pumzi umeibana. Umeme ulikatika mara moja na jenereta ikachelewa, lakini mashine yenye sampuli za wiki iliyopita ilishikiliwa na betri.

Giza likaingia nikiitazama skrini. Mashine hiyo hudurufu nakala mara mbili kila mzunguko, kwa mizunguko 40, na jeni ikijitokeza mizunguko mitatu mapema maana yake nakala zilikuwa mara nane zaidi. Naisubiri sana CYP19A1, jeni ya aromatasi, kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, homoni ya kike. Kwenye utando usio na ugonjwa karibu haionekani. Kwenye kipande cha nje cha mgonjwa wa wiki iliyopita mstari wake ukapanda. Nyama ile inajipikia estrojeni yake yenyewe. Estrojeni inachochea prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta maumivu, na prostaglandini zinachochea aromatasi tena. Mzunguko umejifunga, na mwenye tumbo anaambiwa anachanganya tarehe.

Barabara ya Jinja ilikuwa imesimama kama kawaida yake. Mama akapiga nikiwa bado kwenye taksi.

"Leo umepata malaria ngapi?"

"Hakuna hata moja, mama."

"Basi mmepumzika."