Nilivyounganisha kipleya changu cha MP3 na redio ya Probox

Probox yangu ilikuja kutoka Japani na redio ya huko huko. Inacheza CD, FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, haina tundu la USB wala Bluetooth. Nami nina kipleya kidogo cha MP3, saizi ya kukaa mfuko wa shati, chenye memori kadi ya GB 32. Humo ndimo ulimo muziki wangu wote: dansi la zamani nililolihamisha kutoka kwenye kanda za marehemu baba, taarabu, kaswida anazozipenda mama, na sindimba, ile ngoma ya Wamakonde, nilizozirekodi mwenyewe kwenye shughuli za jando kule Newala. Hizo sindimba hazipo mtandaoni. Nikizipoteza ndiyo basi.

Kila niliyemuuliza pale mjini Mtwara alinipa jibu lile lile: ng'oa hiyo, funga redio ya Android. Sikukubali, na bado sikubaliani nao. Redio niliyonayo ina sauti nzito, safi, na nimezisikia hizo za bei nafuu wanazofungiwa watu. Kioo kikubwa, muziki mwembamba. Wengine wakasema tumia simu. Lakini simu ndiyo ofisi yangu. Nauza samaki wakavu Tandahimba na Newala, wateja wananipigia nikiwa njiani, na kila simu ikiingia muziki unakatika. Kipleya kina vitufe unavyovipapasa kwa kidole bila kuondoa macho barabarani, na hakisubiri mtandao. Ni kweli Apple waliacha kutengeneza iPod mwaka 2022 na watu wanaviona vifaa hivi ni vya zamani, ila kwa mtu anayeendesha peke yake kutwa nzima sijaona kinachovizidi.

Nilianza na transimita ya FM, kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Waya wake mfupi unaingia kwenye tundu la earphone la kipleya, na chenyewe kinarusha sauti kama kituo kidogo cha redio ambacho gari lako linakinasa. Hapo ndipo wengi wenye magari ya Japani wanapokwama na kusema kifaa ni kibovu. Transimita hizi zinarusha kati ya 87.5 na 108, redio ya Japani kama yangu inaishia 90. Zinakutana kwenye upenyo mdogo tu, 87.5 hadi 90. Ukiiweka transimita kwenye 101 utazungusha redio mpaka uchoke.

Gari langu lilikuwa tayari limefungwa kile kiboksi kinachokaa kwenye waya wa antena kwa ajili ya kushusha masafa, ili vituo vyetu visikike. Kiboksi hicho hupunguza kila namba kwa kiasi kile kile. Ili kujua changu kinapunguza ngapi, nilitafuta kituo kinachotaja namba yake hewani, nikasoma namba inayoonekana kwenye redio, nikatoa. Nikapata 16. Kuanzia hapo hesabu ikawa nyepesi: transimita nikiiweka 100.3, redio naiweka 84.3, na muziki upo pale pale.

Kazi iliyobaki ni kutafuta nafasi iliyo tupu kweli. Unazima transimita, unasikiliza namba unayoitaka. Ukisikia mvumo mtupu, sawa. Ukisikia hata mnong'ono wa mtu kwa mbali, achana nayo. Na nafasi tupu ya Mtwara mjini si lazima iwe tupu kwingine. Nikienda Lindi kufuata mzigo, nikishapita Mikindani na kukaribia Mingoyo, kituo kingine kilikuwa kinaanza kuingilia na muziki unamezwa na mikwaruzo. Kwa hiyo nilikuwa na namba mbili, moja ya upande huu na nyingine ya upande wa Lindi, nimeziandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika chini ya redio. Kupanda kuelekea Newala hali ni nzuri zaidi, vituo ni vichache.

Kwa kaswida na mawaidha transimita inatosha kabisa, na kwa bei yake simshauri mtu aidharau. Kwenye sindimba ndiyo iliniangusha. FM haibebi sauti zilizo juu ya kilohezi 15, yaani zile kali kabisa, na vile vidude vya bei ndogo vinapunguza zaidi ya hapo. Ngoma kubwa inasikika, lakini ile ngoma ndogo kali inayomwita mchezaji, inayopigwa kwa vijiti, inasikika kama imefunikwa na blanketi. Mimi nimekulia na ngoma hiyo. Siwezi kuisikiliza ikiwa hivyo.

Nikaenda kwa fundi redio mmoja mjini, kijana mtulivu, nikamwomba aichomoe redio atazame nyuma kabla hatujazungumza habari ya kununua chochote. Alitoa fremu ya dashibodi taratibu kwa kipande cha plastiki ili isichubuke, akafungua skrubu nne, akaivuta redio mbele na kumulika kwa tochi ya simu.

"Kaka, hii si redio iliyotoka na gari," akasema. "Ilifungwa baadaye, huko huko Japani. Halafu ona, ina mikia huku."

Ilikuwa mikia miwili mifupi, mmoja mwekundu, mmoja mweupe, imekunjwa na kufungwa kwa utepe mweusi, haijawahi kutumika.

"Ya kuingizia sauti au ya kutolea?" nikamuuliza, kwa sababu mikia ya kupeleka sauti kwenye amplifaya inafanana na hiyo hiyo, na ukichomeka kipleya huko hutasikia kitu.

Akasogeza tochi. Kwenye kilebo kidogo karibu na shina palikuwa na maandishi ya AUX IN, yaani ya kuingizia sauti. Nyekundu ni spika za kulia, nyeupe za kushoto.

Waya uliohitajika ni ule ule ambao kila nyumba yenye sabufa inao: upande mmoja pini mbili za rangi, upande wa pili pini moja ya milimita 3.5, ile ya earphone. Haukufika bei ya kilo moja ya dagaa. Fundi aliupitisha nyuma ya dashibodi, akautoa pembeni ya gia mahali usipoweza kunasa kitu, na akauweka mbali na nyaya nene za umeme. Redio haikukitambua kipleya mara moja. Ilibidi tuingie kwenye mipangilio yake, kwa sababu redio nyingine AUX hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Tulipoiwasha tu, ngoma ndogo ikalia humo ndani kama nilivyoirekodi. Fundi naye akaacha bisibisi akasikiliza.

Tatizo lililobaki lilijitokeza njiani. Nikichaji kipleya kwenye tundu la sigara huku waya wa AUX umechomekwa, spika zinatoa mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri ninavyokanyaga mafuta. Huo unatoka kwenye alteneta, ile inayofua umeme injini ikizunguka. Kipleya kinakuwa kimepata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari, kwa njia mbili, moja kupitia chaja, nyingine kupitia redio, na uchafu wa umeme unazunguka katikati yake na kuingia kwenye muziki. Kipimo chake ni kuchomoa chaja: mlio ukikoma papo hapo, ni ethi, ukiendelea, tafuta kwingine, labda waya wa redio wenyewe. Wangu ulikoma. Kuna kiboksi cha kufunga katikati ya waya wa AUX, chenye transfoma ndogo mbili, kinachopitisha sauti bila kuunganisha ethi, na kinaondoa kabisa mlio. Mimi nimechagua njia ya bure. Kipleya nakichaji nyumbani usiku, na betri yake inanifikisha Newala na kunirudisha.

Sauti ya kipleya naiweka kama robo tatu, halafu naongeza kwenye redio. Ukikifungulia mpaka mwisho, sauti inakwaruza kabla hata haijafika kwenye spika. Ukikiweka chini sana, utaongeza redio mpaka usikie mvumo wake. Zile besi za kuongeza kwenye kipleya nimezizima zote, kurekebisha nakufanya kwenye redio peke yake. Nyimbo nilizozitoa kwenye kanda zilikuwa na sauti ndogo kuliko nyingine, nikazipandisha kwenye kompyuta ili nisiwe nagusagusa redio kila wimbo unapobadilika.

Kwenye barabara zisizo na lami vumbi ndilo adui, na huku pwani ni hewa ya chumvi. Sauti ikianza kukatika upande mmoja wa spika, mara nyingi ni uchafu tu kwenye pini. Naizungusha ndani ya tundu mara kadhaa, sauti inarudi. Na kipleya sikiachi juu ya dashibodi nikiegesha sokoni. Betri za aina hii hazipendi joto, Apple waliandika kuwa iPod isihifadhiwe mahali panapozidi nyuzi 45, na gari lililofungwa vioo kwenye jua la Mtwara linazipita hizo bila shida. Nachomoa pini, natia kipleya mfukoni, nashusha mzigo.