Mafunzo ya uokoaji leo

Leo tumeanza mafunzo ya uokoaji baharini hapa Mombasa. Kumbe kujitosa majini ndio njia ya mwisho kabisa! Kwanza umnyooshee kasia, ikishindikana umrushie kamba, kisha boti, maana anayezama akikukamata shingo mwaenda wote.

Nikakumbuka ile feri ya Mtongwe iliyozama hapa Mombasa, 1994, zaidi ya watu 250 walikufa.

Lakini kilichonishika ni kazi niliyopewa mimi, kumwangalia tu aliye majini, kidole kimemlenga, macho hayabanduki, hata ukiitwa usigeuke. Wallahi kile kichwa kikipotea nyuma ya wimbi moyo unakwenda mbio, na huyo ni mwenzetu amevaa jaketi!

Waliowahi kufanya hii kazi, mwafanyaje jua likimetameta majini?